Honda Fit ya Mwaka 2006 Inayotetemeka Ikiondoka

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Ahero ameniandikia kwamba amepata Honda Fit ya mwaka 2006, injini ya 1300, ambayo mwenyewe anaiuza kwa shilingi 370,000. Gari ni safi kwa macho na dashibodi inaonyesha kilomita 128,000, lakini kila linapoondoka baada ya kusimama hutetemeka kwa sekunde mbili tatu, kisha hutulia. Muuzaji amemwambia kwamba ni mauntingi tu, yaani mipira inayoishikilia injini, kazi ya elfu nne, na kwamba yuko tayari kumpunguzia elfu hizo katika bei. Mwalimu anauliza mambo mawili: je, maneno hayo ni ya kweli, na gari hili likiwa lake, litamgharimu kiasi gani katika mwaka wa kwanza?

Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa, kwa sababu wengi wanaonifikia katika gereji yangu hapa Kisumu huja na logbuku ikiwa imeshaandikwa majina yao, na hapo kinachobaki kwangu ni kupunguza hasara tu. Inawezekana muuzaji anasema kweli. Hata hivyo, mtetemeko wa namna uliyoieleza, unaokuja wakati wa kuondoka na kupotea mara gari linaposhika mwendo, ndio hasa dalili ya ugonjwa ulio ghali kuliko yote katika gari hili, na kwa hiyo nakusihi usitoe hata amana mpaka ujulikane unakotoka.

Ili uelewe ni kwa nini nasita, yakupasa kujua kidogo jinsi gari hili linavyoondoka. Fit ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2001 na kubadilishwa mwaka 2007, aghalabu huja na giaboksi ya CVT. Ndani ya giaboksi hiyo hakuna gia za meno zinazopokezana. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana, na kwa kutanuka na kubana huko mwendo hubadilika bila dereva kusikia gari likishtuka. Magari mengi ya automatiki yana chombo kilichojaa oili kati ya injini na giaboksi, ambacho hupokea nguvu za injini taratibu na kumeza mishtuko ya kuondoka. Fit hii haina chombo hicho. Badala yake, wahandisi wa Honda waliweka klachi ya sahani nyembamba zinazolowa ndani ya oili, na kila unapoachia breki sahani hizo huteleza kidogo, kisha hushikana. Sahani na oili zikiwa nzima, kushikana huko ni laini. Oili ikichoka, au ikiwa si ile inayotakiwa, sahani hushika na kuachia, zikashika tena na kuachia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, nawe uliyeketi kwenye usukani ukahisi kana kwamba unapita juu ya matuta madogo madogo ya barabara ya murram.

Fit ya kizazi cha pili, iliyotoka mwishoni mwa 2007, iliwekewa chombo kile cha oili. Nalitaja hili kwa sababu utamkuta jirani mwenye Fit ya 2009 akikuhakikishia kwamba hajawahi kuona mtetemeko wowote. Hakudanganyi, ila anazungumzia giaboksi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye oili, maana hapa ndipo Fit nyingi za magharibi mwa Kenya zinapouawa. Oili iliyoandikiwa giaboksi hii huitwa HMMF. Oili nyekundu ya automatiki inayouzwa katika kila duka la spea haifai hapa, na hata HCF-2, ambayo Honda waliitengenezea CVT zao za baadaye, haifai pia. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa Fit ya rangi ya fedha iliyokuwa imefanyiwa sevisi mahali ambapo sina haja ya kupataja. Fundi wa huko alikuwa na nia njema. Aliona oili ya giaboksi imekuwa nyeusi, akaimwaga, akajaza ile nyekundu. Kwa siku chache gari lilikwenda bila tatizo, na mwenye gari alimshukuru. Kisha likaanza kutetemeka asubuhi, baadaye likawa linatetemeka wakati wote, na kufikia siku niliyoliona lilikuwa likiunguruma bila kupanda kilima cha Riat. Tulipoifungua giaboksi, sahani za klachi zilikuwa zimeungua na oili ilikuwa na harufu ya mkate uliosahauliwa jikoni. Mwenye gari alikuwa muuguzi, na pesa alizotumia kununua giaboksi nyingine zilikuwa karo ya mtoto wake. Tangu siku hiyo kila mwenye Fit ya kizazi hiki anayefika kwangu namwambia anunue oili yake mwenyewe, aushike mkebe kwa mikono yake, na asimame hapo mpaka imwagwe ndani.

Habari njema ni kwamba si kila mtetemeko wa klachi ni kifo. Ikiwa sahani hazijaungua na kosa ni uchakavu wa oili peke yake, kubadilisha oili mara mbili au tatu mara nyingi hulirudisha gari katika hali yake. Nasema mara mbili au tatu kwa sababu ukifungua boliti ya chini, zaidi kidogo ya lita tatu hutoka, na oili nyingine chafu hubaki ndani. Kwa hiyo unajaza mpya, unaendesha siku kadhaa, unamwaga tena. Kwa bei ninazoziona Kisumu kwa sasa, lita moja ya HMMF halisi ni kama shilingi 1,600, na lita kumi zinazohitajika kwa awamu tatu, pamoja na ufundi, zitakugharimu karibu 20,000. Bei zote nitakazotaja humu ni makadirio yangu ya gereji na maduka ya hapa; ukienda Nakuru au Eldoret utakuta tofauti, na duka na duka hazilingani. Sahani zikiwa zimeungua, wengi hununua giaboksi iliyotumika kutoka Japani kwa kati ya 45,000 na 60,000, na kuifunga ni kama 10,000 zaidi. Fundi atakayeifunga awe anajua hatua za kuifundisha kompyuta ya gari upya mahali klachi inapoanza kushika, maana asipozifuata, hata giaboksi nzuri itatetemeka, na utarudi kumlaumu muuzaji wa spea bila haki.

Hata hivyo, kuna magonjwa mengine mawili yanayofanana na hilo, na kuyatenganisha ndio kazi yenyewe ya fundi. La kwanza ni hizo mauntingi alizozitaja muuzaji. Mauntingi zikipasuka, mtetemeko hauji wakati wa kuondoka peke yake: utausikia gari likiwa limesimama, mguu ukiwa kwenye breki na gia ikiwa kwenye D (ya kwenda mbele), kisha ukiiweka N (isiyovuta gari) unapungua waziwazi. Tena ukitoka R (ya kurudi nyuma) kwenda D utasikia injini ikigonga mara moja. Mauntingi moja nzuri ni kati ya 3,500 na 6,000, nazo ziko zaidi ya moja, kwa hiyo ile elfu nne ya muuzaji hailingani hata na maelezo yake mwenyewe.

La pili ni moto wa plagi, na hapa nina deni la kukiri. Injini ya 1300 ya Fit hii, iitwayo L13A, ina silinda nne lakini ina plagi nane zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na koili nane zinazozipa umeme. Kila silinda inawashwa kwa plagi mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Plagi nne za mbele zinafikika kwa urahisi. Zile nne za nyuma zimejificha upande wa ukuta wa kabati la injini, na ili kuzifikia sawasawa inabidi kuondoa waipa na plastiki iliyo chini yake. Matokeo yake unaweza kuyabashiri: mafundi wengi hubadilisha nne za mbele, wanalipwa za nane, na zile za nyuma hubaki humo miaka na miaka, koili zake zikiivishwa na joto lisilo na pa kutokea. Kwa kuwa silinda ina plagi ya pili, koili moja ikifa injini haizimi wala haikosi moto kabisa kama injini ya kawaida. Inapungua nguvu, inakula petroli zaidi, na inatetemeka kidogo inapobebeshwa mzigo. Taa ya injini inaweza hata isiwake. Ndivyo nilivyopotea mimi. Nilimwambia mteja mmoja kwamba giaboksi yake imekwisha, akanunua nyingine, tukaifunga, na mtetemeko ukabaki palepale. Koili mbili za nyuma zilikuwa zimekufa. Nilimrudishia pesa za ufundi, lakini za giaboksi sikuweza kumrudishia zote, na jambo hilo bado linaniuma. Kwa sababu hiyo siihukumu tena giaboksi ya Fit kabla sijaziona plagi zote nane kwa macho yangu.

Plagi za kawaida zilizo nzuri ni kama 700 kila moja, yaani 5,600 kwa nane, na ufundi usizidi 1,500. Koili mpya ni kama 4,000 moja. Zilizotumika ni karibu nusu ya hiyo, ila sikushauri, kwa sababu koili iliyotumika nayo imeshaivishwa na joto lilelile katika gari lingine.

Basi ufanye hivi. Mwombe muuzaji akuache ulione gari asubuhi kabla halijawashwa siku hiyo, na uweke mkono juu ya boneti kuhakikisha ni baridi. Liwashe, subiri, sikiliza. Likitulia, liweke D ukishika breki, kisha N, kisha D tena, ukizingatia niliyosema kuhusu mauntingi. Baada ya hapo usiridhike kuliendesha kwenye uwanda wa Kano, kwa sababu barabara ya Ahero hadi Kisumu ni tambarare na huficha mengi. Lipeleke Kondele saa za msongamano, ambapo litalazimika kusimama na kuondoka mara ishirini, kisha upite Mamboleo na kupanda Riat kwa njia ya Kakamega. Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu, ikazidi baada ya joto la Kondele, na ikatulia ukifika kilomita ishirini hivi kwa saa, hiyo ni klachi ya giaboksi. Ikitetemeka katikati ya mlima, gari likiwa tayari liko mwendoni na wewe umekanyaga mafuta, hizo ni koili au plagi. Mwisho lisimamishe hapohapo mlimani, liache lipumue kidogo, kisha uondoke upya ukipanda. Klachi mbovu haiwezi kujificha katika mtihani huo. Baada ya hayo lipelekwe kwa fundi uliyemchagua wewe, lipimwe kwa mashine kwa 1,500 hadi 2,000, na plagi za nyuma zitolewe. Muuzaji akisema kutoa plastiki ya waipa ni usumbufu, mwambie utaulipia usumbufu huo wewe.

Kuhusu kilomita 128,000 usizitegemee. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, maana yake gari hili la 2006 liliingia si baada ya 2014, nalo limekuwa likitembea kwenye barabara zetu kwa zaidi ya miaka kumi baada ya kazi yake ya Japani. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Vikiwa vimelika kupita umri unaosemwa, amini hivyo kuliko namba ya dashibodi.

Kwa kuwa unatoka Ahero, inua pia zulia la gari mpaka chini, ukague na chombo cha tairi la akiba. Mto Nyando ukifurika, magari huloweka humo kwa siku nyingi, na baadhi yake huoshwa vizuri na kuuzwa. Ukikuta matope laini ya rangi ya mto kwenye kona za chuma au kwenye viungo vya nyaya, achana na gari hilo hata kama giaboksi yake ni mpya, kwa sababu Fit ina usukani wa umeme na kompyuta zinazotegemea nyaya kavu, na kutu ya nyaya haina mwisho wala bei inayokadirika.

Jambo jingine linalostahili uangalifu wako ni upoezaji wa injini. Mafundi wengi wa huku wana desturi ya kuondoa thamostati, yaani kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, wakisema injini itapoa zaidi. Injini ya Fit ikikosa thamostati hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, ikala petroli, na kompyuta ikazidi kuilisha mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Wengine hujaza rejeta maji ya bomba. Maji peke yake huchemka kwa nyuzi 96 hivi hapa Kisumu, na ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa karibu nyuzi 91, joto ambalo injini yoyote hulifikia. Kinachozuia yasichemke ni kifuniko cha rejeta kinachoshika presha pamoja na kuleni halisi, yaani kimiminika cha kupoezea injini. Ukisafiri kwenda Nakuru au Eldoret na kifuniko kilichochoka, mlima utakuonyesha. Thamostati, kifuniko na kuleni vyote kwa pamoja ni kama 7,000, na ningevibadilisha mwezi wa kwanza bila kuuliza hali yake.

Shoki, bushi na viungo vya mbele sitavieleza sana, maana kila gari dogo la huku huvimaliza kwa matuta yaleyale. Tenga 20,000 kwa shoki mbili za mbele, bushi, linki na kupangilia magurudumu. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga kwenye usukani barabara ikiwa mbaya, huenda ni bushi ya reki ya usukani, nayo si hatari ya haraka.

Injini yenyewe, Mwalimu, ndiyo sababu sikukatazi gari hili moja kwa moja. Inatumia mnyororo wa taimingi na si mkanda, kwa hiyo huna gharama ya kuubadilisha kila baada ya kilomita laki moja. Ikipata oili safi kila kilomita 5,000, na nafasi za vali zikipimwa injini ikiwa baridi pindi inapoanza kunguruma vibaya, nimeziona zikifanya kazi miaka mingi bila kufunguliwa. Hesabu sevisi tatu kwa mwaka, kila moja 5,000.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi. Giaboksi ikiwa inaponyeka kwa oili, weka 20,000 za oili hiyo, 7,000 za plagi na ufundi wake, 8,000 za koili mbili, 15,000 za sevisi, 7,000 za upoezaji na 20,000 za miguu ya gari. Jumla ni 77,000 kwa mwaka wa kwanza, bila bima wala petroli. Ikiwa klachi imeungua, ongeza juu ya hayo giaboksi na kuifunga, na jumla inapanda hadi kati ya 132,000 na 147,000. Ukikuta ni koili au mauntingi, sioni vibaya ulipe hadi 345,000. Ukikuta ni klachi, usipite 300,000, na umwonyeshe muuzaji bei ya giaboksi kwenye karatasi ili asidhani unamdhulumu. Akikataa gari liwashwe likiwa baridi, au akikataa plagi za nyuma zitolewe, mrudishie funguo zake siku hiyohiyo, kwa maana Fit za kizazi hiki bado ni nyingi kuanzia Busia hadi Naivasha, na nyingine itapatikana kabla muhula haujafungwa.